Bi Sumie na Chaneli ya Kumi na Moja

Mgeni yeyote anayefika nyumba ya wageni ya Bi Sumie Kurashina husikia maneno mawili kabla hajapewa hata chai. "Viatu hapa," na kidole kinaonyesha rafu. "Redio hapa," na kidole kinaonyesha kikapu cha mianzi kilichotandikwa kitambaa cha bluu. Habari ya viatu watu wanaielewa. Habari ya redio ndiyo inayowaacha midomo wazi.

Nazungumzia simu za upepo, zile za kubonyeza na kuongea, ambazo watu wa kuteleza kwenye theluji huja nazo kutoka kwao ili wasipoteane mlimani. Mimi nina duka la kukodisha skii, zile mbao za kutelezea, ng'ambo ya barabara, mlango wangu na wake inatazamana, na kwa miaka kumi na minane nimewaona wageni wakibabaika pale barazani wasijue wacheke au wakasirike. Baba mmoja wa Kimarekani alizikumbatia redio zake nne kifuani kama watoto mapacha. Niliitwa kutafsiri, mimi ambaye Kiingereza changu kinaishia kwenye saizi za viatu.

"Anasema kwao ni halali," nilimwambia Bi Sumie. "Anasema amezinunua dukani na risiti anayo."

"Mwambie risiti ni yake, hewa ni yetu."

Nilimwambia yule baba kwamba saizi ya kiatu chake ni sentimita ishirini na tisa, nikamshika bega kwa huruma, na sijui alielewa nini, lakini alizitoa.

Usidhani anawanyang'anya. Kila redio huitoa betri, huifunga kwenye kitambaa, huiandikia jina, na siku ya kuondoka unaipata safi kuliko ulivyoileta. Na papo hapo hukupa nyingine ndogo, ambayo huigeuza mgongo kwanza ili uone ile alama ya ukaguzi ya nchi yetu, Japani. Hizo ndogo nguvu zake ni za kuku. Zinafika mpaka lifti ya pili ya viti vya kupandisha watu mlimani, na ukiingia kwenye misonobari zinakatikakatika. Lakini ni halali, na kwa Bi Sumie neno hilo linatosha.

Ukitaka kujua ukali huo ulianzia wapi, kisa ni marehemu Yasuharu, mumewe. Alikuwa kwenye kikosi chetu cha zimamoto cha kujitolea. Majira fulani walitumwa kumtafuta mtu aliyefunikwa na theluji, Yasuharu akateleza akavunjika mguu, akawa anaita kwenye redio ya kikosi. Hakuna aliyemsikia. Hewa ilikuwa imejaa sauti za wageni, wenye redio za kwao zenye nguvu, wakibishana chakula cha mchana kiwe maandazi ya nyama au tambi. Alikaa saa mbili kwenye baridi akisikiliza mjadala ule. Vidole viwili vya mguu vilikatwa. Yeye mwenyewe alicheka mpaka siku aliyokufa, miaka mingi baadaye, kwa ugonjwa mwingine kabisa. "Na mpaka leo sijui walikula nini!" alikuwa akisema. Mkewe hakucheka hata mara moja.

Kwa hiyo ofisa wa mambo ya mawimbi ya redio alipokuja kutuhutubia kwenye ukumbi wa kijiji, sisi wengine tulichukua bango, tukalibandika, tukaenda zetu. Bi Sumie alimbana yule kijana kwa maswali dakika arobaini, mpaka akamwachia kitabu cha sheria ili aachiliwe. Alikisoma chote. Mwanamke aliyeacha shule kuja kuolewa kwenye nyumba ya vyumba saba alikisoma kitabu kile usiku na mchana kama mtu anayetafuta jina lake humo.

Ni yeye aliyetufanya tukubaliane kwamba kila nyumba ya wageni, kila duka, na kibanda cha lifti, tuwe na redio moja ndogo iliyowashwa jikoni, wote chaneli ya kumi na moja, ili mgeni akipotea jiko lolote limsikie. Na ni yeye aliyetusomea kifungu cha hamsini na tisa, kwamba maneno ya hewani ambayo hukuambiwa wewe, hata ukiyasikia, huruhusiwi kuyatangaza wala kuyatumia. Tuliitikia kwa vichwa. Tulidhani ni mambo ya majasusi.

Sasa, Bi Sumie alikuwa na haja moja tu duniani, na kijiji kizima tuliijua: mwanawe Takuma arudi aishike nyumba. Takuma aliondoka na miaka kumi na tisa kwenda Kanada kufundisha kuteleza, akaoa huko Hazuki, binti wa mji wa Hakata, wakapata mtoto, Ema. Bi Sumie alifikisha miaka sitini na tisa, goti moja lilishakataa ngazi, na kila mtu alipomuuliza kuhusu kuuza alijibu, "Yuko njiani." Miaka kumi na sita alikuwa njiani.

Februari iliyopita kweli alikuja. Bi Sumie alikuwa amekipaka rangi chumba chake. Niliwaona wakishuka kwenye gari Jumamosi mchana, nikatoka kuwasalimia, kwa hiyo nilikuwepo pale barazani mambo yalipoanza kuchanganyika.

Kwanza viatu. Ile rafu ina sehemu mbili, ya wageni na ya wenye nyumba. Takuma alivua, akasimama na viatu mkononi, akaangalia huku, akaangalia kule. Mama mtu naye aliangalia huku, akaangalia kule. Mwishowe Ema, miaka saba, alivitupa vya kwake sakafuni katikati, na wazazi wake wakaweka vyao pembeni ya vyake, wala si huku wala si kule.

Kisha Bi Sumie akaonyesha kikapu. "Redio hapa."

"Mama, mimi ni mwenyeji!" Takuma alicheka.

"Wewe ndiyo. Redio siyo."

"Lakini tunazitumia kila siku."

"Kanada zitumie kila siku, nani kakukataza? Hapa ni ng'ambo kwazo. Lete."

"Mjomba Ogata, nisaidie," Takuma alinigeukia.

"Mwanangu," nikamwambia, "mimi hapa ni mtafsiri tu."

Alizitoa. Akapewa zile ndogo tatu, na nilimwona akiminyaminya vitufe, akimwonyesha mkewe kitu kwenye kioo. Baadaye nilijua ni kitu gani. Zile redio zina namba ya faragha. Ukiiweka, hewa inakuwa kimya, husikii wengine, unadhani uko chumbani kwako na mlango umefungwa. Kumbe umejiziba masikio wewe tu. Wengine wanakusikia vilevile.

Jumatatu, saa nne asubuhi, nilikuwa napaka nta skii za mteja. Redio yangu iko juu ya rafu ya glavu. Ikakohoa, na sauti ya Takuma ikajaa dukani.

"Hazuki, unanisikia? Nimeweka faragha, ongea tu."

"Nakusikia. Umemwambia?"

"Bado."

"Takuma, tumekuja kwa ajili hiyo."

"Najua. Sirudi, na tangu mwaka juzi najua sirudi. Lakini kila nikifungua mdomo ananiwekea kachumbari."

"Amekipaka rangi chumba chako."

"Nimekiona! Ndiyo maana nashindwa kulala humo."

"Basi mwambie auze angali na nguvu zake. Akiuza akiwa mgonjwa watamlalia."

"Nitamwambia siku ya mwisho."

"Mtu anaambiwa jambo kama hilo siku ya mwisho?"

Hapo lifti iliwaingiza kwenye misonobari, ikabaki mikwaruzo.

Mkono wangu ulikuwa umesimama juu ya ile skii. Niliinua macho. Dirisha la jikoni kwa Bi Sumie linaonekana vizuri kutoka kwangu, na yeye alikuwa amesimama na kisu mkono mmoja, figili nyeupe mkono wa pili, uso ameuelekeza kwenye redio yake. Alikaa hivyo mpaka nta yangu ikaganda. Kisha akaanza kukata ile figili. Alikata, akakata, na nilipopita pale jioni nilikuta figili ya kulisha kikosi.

Nilivuka barabara mchana uleule, sijui hata nikaseme nini. Njiani nikakutana na Bi Fusako, mwenye nyumba ya wageni ya Maruya, amebeba bakuli la mboga za kuvundika.

"Bi Fusako," nikaanza, "umesikia..."

"Nimesikia nini, Ogata?" Alinikazia macho.

"Nauliza kama umesikia, eti theluji itaanguka kesho."

"Haya. Itaanguka."

Tukasimama pale kama mbuzi wawili kwenye daraja la mti mmoja. Wazee wanasema sikio halilali na njaa, lakini hawakusema likishiba mdomo ufanye nini. Alimpelekea Bi Sumie ile mboga, ambayo Bi Sumie anayo mapipa mawili, akarudi bila neno.

Nilimkuta jikoni akikoroga supu. Nilionja, chumvi ilikuwa imetiwa mara mbili.

"Ogata," alisema bila kugeuka, "mtu akisikia jambo ambalo hakuambiwa, analijua au halijui?"

"Analijua, dada. Atakosaje kulijua?"

"Na kitabu kinasemaje?"

"Kinasema asilitangaze."

"Wala asilitumie. Sasa niambie, nimkasirikie kwa kosa gani? Nikimkasirikia, nimelitumia. Nikilia mbele yake, nimelitumia. Hata nikimpunguzia wali nimelitumia."

"Sumie, ni mwanao huyo! Si kituo cha redio!" Nilipandwa na hasira, na sijui nilimkasirikia nani.

"Sheria haikuandika 'isipokuwa mama,'" alisema. "Miaka kumi na minane nawanyang'anya watu redio kwa kitabu kile. Leo kinanibana mimi, nikifunge?"

Nilimwambia tu kwamba supu ina chumvi.

Wiki ile ilikuwa wiki ya ajabu. Kijiji kizima kilijua, na kijiji kizima kilikuwa kimeshika kifungu cha hamsini na tisa kwa meno. Funika kombe mwanaharamu apite. Ila sisi si waigizaji, na huruma ilituvujia kila upande. Jumatano Takuma aliingia dukani kwangu amechanganyikiwa.

"Mjomba, watu wameingiwa na nini? Bwana Iwashita wa lifti kanishika mkono akaniambia 'kila mtu na maisha yake,' halafu kanipa matufaha manne. Mama wa duka la mkate kaniangalia, kaguna, kanirudishia nusu ya pesa. Na Bi Fusako kanipita kama hanioni!"

"Labda ni baridi," nikasema.

"Baridi inatoa matufaha?"

"Mwaka huu yamezaa sana."

Akaniangalia. "Na Mama. Ananichekea kila nikimtazama. Mama hachekagi hivyo. Anaumwa? Niambie ukweli."

Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi kabisa. Niliona uso wa marehemu baba yake kwenye uso wake, nikataka kumpiga kofi, nikataka kumkumbatia. Nikamwambia, "Muulize mwenyewe. Na ukiwa na la kumwambia, mwambie."

"La kumwambia lipi?"

"Nitajuaje mimi?" nikajibu, kwa sauti kubwa mno, nikaanza kupanga glavu zilizokuwa zimepangwa.

Alhamisi jioni, kabla ya chakula, Bi Sumie alivuka barabara yeye mwenyewe, na goti lake lile. Alikuwa na redio tatu kwenye aproni. Kila jioni huwa anazikusanya kuzichaji.

"Hii namba hapa pembeni inafutwaje?" aliniuliza. "Kidole changu ni kinene."

"Sumie, hiyo si ndiyo kulitumia?"

"Hapana. Redio ni zangu, nilimpa hazina namba. Nazirudisha zilivyokuwa." Akaegemea kaunta yangu. "Kesho ndiyo siku yake ya mwisho ya kuteleza, Ogata. Jumamosi asubuhi wanaondoka. Nimengoja siku nne aniambie. Nimemwandalia nafasi, nimemtuma Ema kuoga mapema, nimekaa naye mezani tumetazamana mpaka chai imepoa. Anasema, 'Mama, kachumbari ni tamu.'"

Nilizifuta zile namba, moja, mbili, tatu, nikamrudishia.

Ijumaa hapakuwa na mteja dukani, au labda walikuwepo sikuwaona. Saa tatu na nusu Takuma alipanda lifti ya kwanza. Asubuhi kama hiyo chaneli ya kumi na moja huwa soko: mimi naagiza betri, Maruya wanauliza mkate, kibanda cha lifti wanatangaza upepo. Siku hiyo tuliongea vilevile, kwa uoga, kama watu wanaoongea karibu na mtoto aliyelala. Mara ikaingia sauti yake.

"Mama? Redio hii imeharibika. Nasikia watu."

Niliangalia ng'ambo. Bi Sumie alikuwa ameshaishika redio yake kwa mikono miwili.

"Haijaharibika," alijibu. "Hao wapo tangu siku ya kwanza. Ova."

Nilisikia lifti ikinguruma nyuma yake alipobonyeza tena.

"Siku ya kwanza ipi?"

"Siku ya kwanza."

"Na Jumatatu?"

"Na Jumatatu."

Nilikuwa nimeshika skii ya mtu kifuani, sijui kwa nini.

"Wote?" aliuliza, na sauti ilikuwa ya yule mvulana aliyevunja kioo changu kwa mpira wa theluji miaka ishirini na mitano iliyopita. "Wote mmenisikia?"

Redio ikakohoa. "Hapa Maruya," alisema Bi Fusako. "Sisi hatujasikia kitu."

"Hapa lifti," akafuata Bwana Iwashita. "Mashine zina kelele sana huku. Hakuna aliyesikia kitu."

"Hapa duka la mkate. Redio yetu ilikuwa imezimwa," alisema yule mama, ambaye redio yake haijawahi kuzimwa.

Zamu yangu. Nilibonyeza nikiwa nimekusudia kudanganya kama wenzangu. Nilikuwa na uongo wangu tayari, mzuri tu. Nikajikuta nasema, "Takuma, mwambie mama yako."

Hakuna aliyegusa kitufe. Niliona mvuke unapanda kwenye dirisha la Bi Sumie, naye anaufuta kwa kiwiko, redio sikioni.

"Mama." Alikuwa anapumua kwa nguvu, au ni upepo. "Sirudi. Nimejaribu kutaka na sitaki. Siwezi kuishika nyumba. Uza, Mama. Nisamehe. Nimekuja mpaka hapa kukwambia na nikaogopa."

Bi Sumie alizima jiko kwanza. Kisha akabonyeza.

"Sasa nimeambiwa," alisema. "Imeniuma sana, Takuma. Imeniuma tangu Jumatatu. Chakula cha mchana ni tambi za ngano nyeusi, msichelewe. Ova."

Akaiweka redio chini, akainamia sinki, na mabega yake yakaanza kutikisika. Niliacha duka wazi, nikavuka barabara bila koti.